Kupimwa ADHD Ukubwani: Mwongozo kwa Mkaazi wa Tiwi

Kama uko Tiwi na umeanza kushuku kwamba una ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu asishike jambo moja hadi mwisho, asahau, asitulie au atende kabla hajafikiri, anza kwa kujua hili: hakuna mashine itakayokupa jibu. Si damu, si mkojo, si picha ya kichwa. Anayekupima hukupima kwa mazungumzo. Atakuuliza unavyoishi sasa, atakuuliza utoto wako, atataka kumsikia mtu mwingine anayekujua, kisha ataziondoa moja moja zile hali nyingine zinazofanana nayo. Kwa hivyo nusu ya kazi haifanyiki hospitalini. Unaifanya nyumbani, kabla hujasimamisha matatu.

Mtu akiingia kwa daktari aliye na foleni hadi mlangoni, akasema tu "nimeona kwenye simu, nadhani nina ADHD," ana bahati akitoka na zaidi ya ushauri wa kulala mapema. Daktari si lazima awe mbaya. Hajapewa cha kushika.

Daktari anatafuta nini

Kipimo kinachotumika sana ni mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5, uliotoka mwaka 2013. Una mafungu mawili ya dalili, tisa kila fungu. La kwanza ni la umakini: kukosea vitu vidogo vidogo, kuacha kazi katikati, kupoteza vitu, kusahau miadi, kuongeleshwa usisikie. La pili ni la kutotulia na pupa: kuchezesha miguu, kushindwa kukaa, kusema mno, kumkatiza mwenzio, kushindwa kungoja zamu. Mtoto anahitaji dalili sita katika fungu moja. Mtu wa miaka 17 na kuendelea anahitaji tano, na ziwe zimedumu miezi sita au zaidi.

Hesabu ya dalili ndiyo sehemu rahisi, kwani nani asiyesahau? Masharti yanayofuata ndiyo yanayochuja. Dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla hujafika miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, si kazini tu wala si nyumbani tu. Ziwe zinakuharibia maisha kweli kweli. Na pasiwe na sababu nyingine inayozieleza vizuri zaidi.

Chukua mhudumu wa mkahawa katika hoteli ya Diani anayechanganya oda za wageni tangu aletewe msimamizi mkali, lakini akirudi nyumbani ndiye mweka hazina wa chama na daftari lake halina kosa. Huyo ana tatizo la kazi. Sasa chukua mwenzake anayechanganya oda, ambaye pia ameacha kozi tatu katikati, ana mikopo ya simu asiyokumbuka aliikopea nini, na tangu darasa la pili alikuwa akirudi kutoka shuleni Waa bila sweta. Huyo ana sababu ya kupimwa.

Sharti la utoto ndilo linalowaangusha wengi, nami nalitilia mkazo kwa sababu video fupi za simu hulisahau kabisa. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba watu wazima wenye ADHD iliyoanza utotoni ni kama 2.58 kwa kila 100. Sharti hilo likiondolewa, wakihesabiwa wote wenye dalili leo, idadi inapanda hadi 6.76. Hao waliozidi hapo katikati hawasingizii. Wanasumbuka, ila huenda kinachowasumbua kina jina lingine na tiba nyingine. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, haitaji idadi maalumu ya dalili, lakini utoto nayo inautaka.

Wala usikubali kuambiwa kwamba hili ni gonjwa la mtandaoni. Daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902 akaeleza watoto wa aina hii. Kilichochelewa ni kukubali kwamba mtoto huyo hukua na hali yake. Na kwa wanawake imechelewa zaidi. Mvulana aliyepanda madawati alionekana na kila mwalimu. Msichana aliyekaa kimya karibu na dirisha, akili yake iko ufuoni, aliitwa mvivu au mpole, ikaisha hapo. Wengi hujigundua siku mtoto wao anapopimwa, na si ajabu, maana hali hii hurithiwa sana katika ukoo.

Kazi ya nyumbani

Anza na mama, au shangazi, au kaka mkubwa, yeyote aliyekulea. Usimuulize "nilikuwa mtoto wa namna gani?" Atakwambia ulikuwa mtundu tu kama watoto wote, na mazungumzo yamekwisha. Muulize mambo yenye mikono na miguu. Ukinituma dukani nilikuwa nikirudi na nini? Mwalimu wa chuo alikuwa akisema nini juu yangu? Niliwahi kukaa nikamaliza chakula? Nani alikuwa akitafuta viatu vyangu asubuhi? Mama aliyekwambia ulikuwa kama wenzako, dakika tano baadaye atacheka akikumbuka ulivyotumwa mafuta ya taa ukarudi na embe, na chupa huna. Hicho ndicho anachotaka daktari. Kiandike, na umri uliokuwa nao.

Kama anaweza kufuatana nawe siku ya miadi, ni bora zaidi. Kama hawezi, mwombe ruhusa ya kutoa nambari yake ya simu. Na mkeo au mumeo naye ana ushahidi wake wa leo. Msikilize hata kama utakuuma.

Halafu fukua ripoti za shule. Alama hazina kazi kubwa hapa. Tafuta maneno ya mwalimu wa darasa pale chini: "ana uwezo lakini hatulii", "anapiga kelele", "hamalizi kazi". Sentensi moja iliyoandikwa ukiwa na miaka tisa ina uzito kuliko kurasa kumi unazoandika leo. Zikiwa zililiwa na mchwa au zilienda na maji ya mvua, sema hivyo, hakuna atakayekunyima huduma kwa ajili hiyo.

Kuna fomu ya kujichuja iitwayo ASRS, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005. Ina maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo yanayochuja zaidi. Majibu manne kati ya hayo yakiangukia upande wa tatizo, inafaa uchunguzwe. Inapatikana bure kwenye intaneti. Ijaze, lakini pembeni ya kila jibu andika mfano mmoja wa kweli. Fomu hii inachuja tu, haitoi hukumu, na mtu mwenye sonona au asiyelala anaweza kupata alama za juu vilevile. Ukiijaza kwa Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuombea maji, kaa na mtu akusomee.

Sasa yale ambayo watu huyaacha kwa aibu au kwa kutojua kwamba yanahusika.

Degedege. Muulize mama kama uliwahi kushikwa na degedege ukiwa mdogo, au kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Pwani yetu imelea watoto wengi waliopitia hayo. Utafiti uliofanywa Uganda, ukachapishwa mwaka 2008, uliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo na kukuta kwamba, miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuweka umakini. Kama wewe ni mmoja wao, daktari anahitaji kujua, kwa sababu picha inabadilika. Kifafa nacho kina sura ya kimya: mtu anaganda sekunde chache, macho wazi, kisha anaendelea. Walimu huita hilo kuota mchana.

Kichwa. Ulianguka na bodaboda ukapoteza fahamu? Kusahau kulianza kabla ya ajali au baada yake?

Usingizi. Mlinzi wa usiku wa nyumba za ufuoni, mpishi wa zamu ya alfajiri, mama wa mtoto mchanga, wote hawa watafanana na mwenye ADHD kwa sababu hawalali. Andika saa zako za kulala na kuamka kwa wiki moja kabla ya kwenda. Na kama unaweza kuchagua, usiende katikati ya Ramadhani. Usingizi wa mwezi huo umekatwa vipande viwili, na kahawa ya jioni imehamia usiku wa manane.

Muguka na miraa. Hapa nitasema wazi. Kemikali ya kathinoni iliyo ndani ya majani hayo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na amfetamini ni miongoni mwa dawa zinazotumika kutibu ADHD katika nchi kadhaa. Basi si ajabu kijana asiyetulia akikwambia kwamba akitafuna ndipo kichwa kinakaa sawa na kazi inakwenda. Huenda ni ukweli. Lakini muguka huohuo unamnyima usingizi, unampandisha mapigo ya moyo, na kesho yake unamwacha mzito na mwenye hasira, hivi kwamba daktari hawezi kutenganisha lipi la majani na lipi la mtu. Kelele za Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuupiga marufuku, ziliwafanya watumiaji wengi waone ni salama kuficha. Usimfiche daktari. Mwambie unatafuna kiasi gani, tangu lini, na ulikuwaje kabla hujaanza. Hali kadhalika bangi, mnazi, na dawa za kienyeji. Kama umekunywa kombe au mizizi ya mganga, taja. Hakuna anayekuuliza imani yako. Anauliza kilichoingia tumboni.

Njia ya kuendea

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha Tiwi. Tabibu wa pale hatakuthibitishia ADHD, wala usimdai hilo. Mwombe mambo mawili. La kwanza, akupime presha, mapigo ya moyo, uzito, na aangalie upungufu wa damu na tezi ya shingo, au akuandikie vipimo ambavyo pale havipo, kwa kuwa damu ikipungua au tezi ikienda mrama kichwa nacho huyumba. La pili, barua ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili. Barua yenye historia fupi na vipimo vilivyokwisha kufanywa inakuokolea safari nzima.

Kutoka hapo una pande mbili. Kusini, kupitia Ukunda, kuna hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni. Kaskazini kuna Mombasa: hospitali ya rufaa ya Pwani, ile watu wanayoiita Makadara, na Port Reitz kule Changamwe, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa akili wa Pwani nzima wamekuwa wakipelekwa. Ukienda Port Reitz si lazima tena upange foleni ya feri Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa karibu na kwako, Kibundani, hadi upande wa pili. Popote uendapo, piga simu kwanza uulize mambo matatu: kliniki ni siku gani, daktari bingwa huwa yupo siku gani, na je, anaona watu wazima wenye tatizo la umakini? Swali la mwisho lina maana kubwa. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache na wengi wamejazana Nairobi, na waliobaki mikoani wamezongwa na wagonjwa mahututi. Wengine watakwambia kwa uungwana kwamba jambo lako wanalijua kwa watoto zaidi. Afadhali uambiwe kwa simu kuliko baada ya nauli.

Najua jina la Port Reitz linavyosikika barazani. Ukionekana getini, kufikia Maghrib mtaa mzima umeshakufanya mwendawazimu. Sitakwambia usijali, maana si mimi nitakayesemwa. Ila kama ni hilo tu linalokuzuia, kuna hospitali za binafsi za Mombasa na madaktari wanaoona wagonjwa kwa video. Kwa yule wa video, uliza jina lake kamili na ulitafute katika sajili ya baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, kabla hujatuma hata shilingi. Mwanasaikolojia ana bodi yake, chini ya sheria ya mwaka 2014. Anaweza kukuhoji na kukuandikia ripoti nzuri, lakini dawa hatoi. Hiyo ni kazi ya daktari.

Kuhusu fedha, jiandikishe SHA kama bado, kwa kupiga *147#. Bima hii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kisha uliza hospitalini, kabla ya miadi, wanachokulipia na wanachokuachia. Kwa binafsi, uliza bei ya kazi nzima na si ya kikao kimoja: vikao vingapi, fomu zinalipiwa au la, na ripoti ya maandishi ni bei gani. Ripoti ndiyo mali yako, usiondoke bila hiyo.

Na kama katika haya yote umekuwa na fikra za kujidhuru, usingoje miadi ya ADHD. Nenda hospitali iliyo karibu leo, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Ndani ya chumba

Kikao kizuri huchukua muda, mara nyingine zaidi ya kimoja. Utaulizwa maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na hapo ndipo watu wengi huharibu kwa kujibu kwa mkato.

"Mama, unasahau vitu?"

"Sana, daktari."

Jibu hilo halimpeleki popote. Sikiliza jibu linalomsaidia:

"Daktari, juzi niliteleka maharagwe nikatoka kuanua nguo, nikamkuta jirani, tukazungumza. Nilikumbushwa na moshi. Ni sufuria ya pili mwezi huu. Sasa nikipika, mwanangu wa darasa la nne ndiye anayesimama jikoni."

Hapo kuna tukio, kuna mara ngapi, na kuna hasara. Kuna pia mkongojo, yaani yule mtoto. Usisahau kutaja mikongojo yako: kengele kumi za simu, kuandika mkononi kwa kalamu, rafiki anayekupitia kila asubuhi ili usichelewe. Mtu anayefika miadi kwa wakati kwa sababu nyumba nzima ilimsukuma, anaonekana mzima kabisa mbele ya daktari.

Utaulizwa pia juu ya huzuni, wasiwasi, vipindi vya furaha iliyopita kiasi bila usingizi, na mambo mazito yaliyokupata. Daktari hajatoka nje ya mada. ADHD mara nyingi hutembea na wenziwe hao, na wakati mwingine wenziwe ndio tatizo lenyewe. Ukiambiwa una sonona na si ADHD, usione umepoteza safari. Sonona ina tiba zinazopatikana kwa urahisi zaidi, hata Kwale. Kama hukuridhika, uliza: ni sharti gani sikulitimiza? Daktari aliyefanya kazi yake atakuonyesha.

Jibu likiwa ndiyo

Dawa inayojulikana zaidi ni methilfenideti. Si ngeni, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, lakini inadhibitiwa kisheria, huuzwa kwa cheti cha daktari tu na si kila duka la dawa linaiweka. Kabla hujaandikiwa, mwombe daktari akutajie duka lililo nayo. Zipo pia dawa zisizo za kuchangamsha, kama atomoksetini, ambazo hufanya kazi polepole kwa wiki kadhaa. Presha na mapigo ya moyo lazima yapimwe kabla ya kuanza na kila mara baadaye, na kituo cha Tiwi kinatosha kwa hilo. Usichanganye na muguka, moyo ni mmoja. Usimeze za mtoto wako, wala usinunue za mtu wa ufuoni.

Anayefunga aulize mapema juu ya Ramadhani. Ipo aina inayotolewa polepole mwilini kwa kutwa nzima, ambayo huenda ikamezwa mara moja wakati wa daku, na ipo ya muda mfupi isiyofaa mpango huo. Hamisha saa baada ya kuzungumza na daktari, usijiamulie.

Dawa peke yake haipangi maisha. Mwanasaikolojia anayejua tiba ya kubadili fikra na mazoea atakusaidia kujenga utaratibu, hasa wa fedha, ambako watu wengi wenye hali hii huumia. Kazini si lazima kutangaza. Taarifa za afya yako zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mara nyingi inatosha kumwomba msimamizi akuandikie maagizo badala ya kuyasema.

La mwisho ni kwa wanaotazamia Ghuba, na huku kwetu hawakosi. Dawa hizi si za kutia mkobani ukapanda ndege. Falme za Kiarabu hudai kibali cha serikali yao kabla hujaingia, na nchi jirani zina masharti yao. Zingine hazikubali amfetamini hata kidogo. Kabla ya kutia saini mkataba wa kazi, uliza ubalozi wa nchi unayokwenda. Beba barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kipimo na muda wa matumizi, vidonge viwe katika kopo lake la awali lenye jina lako, na nakala ya kila karatasi iachwe Tiwi kwa mtu anayepokea simu.